Tohara na Moyo wa Mvulana



Tohara ni katika mambo ya maumbile aliyotufunza Mtume wetu (s.a.w.), na katika madhehebu ya Kishafii ni wajibu kwa mwanamume anapobaleghe. Hilo halina mzozo. Maneno yetu leo ni juu ya mvulana aliyecheleweshwa hata akawa na akili zake, aona haya na kufahamu kila afanyiwalo.

Wako wazazi katika Mji wetu wa Kale wamwambiao kijana wao, "Vaa, twende tukakununulie viatu," kisha akajikuta mbele ya wembe. Akilia, huambiwa mwanamume halii, na wenziwe wakamcheka. Kidonda cha mwili hupona kwa majuma machache. Je, cha moyo?

Mwaka 1965 mtaalamu Gocke Cansever alitangaza uchunguzi wake juu ya watoto 12 wa Uturuki, wa miaka minne hadi saba, aliowapima kabla ya kutahiriwa na baadaye. Aliona kwamba waliichukulia tohara kuwa ni shambulio juu ya miili yao. Watoto 12 ni wachache, nao si mabarobaro. Lakini mwenye busara huzingatia.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mama mmoja alimwita mwanawe ili ampe kitu. Mtume akamuuliza atampa nini, akajibu, tende. Akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angaliandikiwa uwongo. Basi ni vipi sisi tumhadae kijana katika ibada? Na huyo Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim machozi yakamtoka. Nani basi aliyetwambia kwamba mwanamume halii?

Yatupasa, kwanza, tusicheleweshe pasipo udhuru, kwani siku ya saba yapendeza. Aliyekwisha kuwa mkubwa na aambiwe kweli siku kadhaa mbele: ni nini, kwa nini, na kwamba atauma kidogo. Atahiriwe na tabibu kwa dawa ya ganzi, katika sitara, babake akiwa karibu naye. Na akionekana baadaye hapati usingizi, akojoa kitandani au ajitenga, asikaripiwe. Apelekwe kwa tabibu.

Tohara ni usafi. Tusiianze kwa uwongo, kijana akaja kutuamini katika sala na saumu kwa shaka.

Wabillahi tawfiq.