Lango la Chuma Kama Zana ya Kufundishia: Somo la Darasa la Sita

Utangulizi

Katika miji yetu si shida kupata karakana ya kuchomelea vyuma. Malango huundwa hapo mbele ya macho ya watoto, na baadhi yake siku hizi hufunguliwa kwa mota ya umeme. Mtoto hupita langoni kila siku, hulibembea lango, hucheza kando yake. Lakini akiulizwa kwa nini lina chuma cha mshazari, aghalabu hujibu kuwa ni pambo. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kulitumia lango kufundishia Hisabati na Sayansi, na papo hapo kumkinga mtoto na hatari asiyoijua.

Mpango wa somo

Mwalimu asishawishike kuanza na mota kwa kuwa ndiyo ngeni na ya kuvutia. Fundi mzuri hafanyi hivyo. Kwake yeye, lango lisilosukumika kwa mkono mmoja halistahili kufungwa mota, maana mota haiondoi kasoro ya lango. Huificha tu, mpaka meno ya gia yaishe au bawaba ikatike. Nasi tufuate utaratibu huo huo: kwanza umbo, kisha uzito, halafu mwendo, na mwisho usalama. Hivyo ndivyo mwanafunzi atakavyotoka kwenye analolijua kwenda kwenye asilolijua. Vipindi viwili vilivyounganishwa vyatosha.

Matayarisho

Zana ni hizi: vijiti vitano, misumari midogo, ndoo ya maji, futikamba, chaki na kioo cha mkononi. Ikiwa karakana i karibu, mwalimu aende mapema kumwomba fundi ruhusa ya kuwaleta wanafunzi wakati wa kupima na kukata, wala si wakati wa kuchomelea. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho, na maumivu yake huweza kuanza saa kadhaa baadaye, mtoto akiwa amekwisha rudi nyumbani.

Hatua ya kwanza: Umbo

Wanafunzi waunganishe vijiti vinne kwa msumari mmoja kila pembe, kisha wasukume pembe moja. Mstatili utalala upande. Waongeze kijiti cha tano kwa mshazari: umbo sasa halitikisiki, kwa sababu mstatili umegawanyika kuwa pembetatu mbili, na pembetatu haibadiliki umbo bila upande wake kukatika au kupinda. Mwalimu asiwatajie sababu hiyo kabla hawajasukuma wenyewe.

Kisha awape hesabu. Bawa la lango lina upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.8. Mshazari wake ni mita 3.0. Fundi hupima mishazari yote miwili. Ikilingana, na pande zinazoelekeana zikilingana, fremu imenyooka. Wanafunzi wapime mlango wa darasa kwa njia hiyo hiyo.

Hesabu ya pili: Bomba la mraba lina urefu wa mita 6. Je, mabomba mawili yatatosha fremu na mshazari? Wengi watakata 2.4 na 2.4 katika bomba la kwanza, 1.8 na 1.8 katika la pili, nao watakosa chuma cha mshazari. Lakini wakikata 2.4, 1.8 na 1.8 katika la kwanza, na 2.4 na 3.0 katika la pili, kitabaki kipande cha mita 0.6. Mwalimu aeleze kuwa msumeno nao hula chuma kidogo. Fundi hufidia kwa kuwa nguzo za pembeni huingia kati ya vyuma vya juu na chini, hivyo huwa fupi kidogo kuliko kimo kamili.

Hatua ya pili: Uzito

Mwanafunzi ashike ndoo ya maji karibu na kifua, kisha anyooshe mikono mbele. Uzito ni ule ule, ila mzigo umekuwa mkubwa kwa sababu ya umbali. Bawa la kilo 90 lenye upana wa mita 2.4 ni kama uzito wote umewekwa katikati, mita 1.2 kutoka kwenye bawaba. Bawaba zikiwa mita 1.5 kutoka moja hadi nyingine, ile ya juu huvutwa kutoka kwenye nguzo kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 72 (90 × 1.2 ÷ 1.5). Wanafunzi warudie hesabu hiyo bawaba zikiwa mita 0.9 tu. Jibu, yaani kilo 120, litawaeleza kwa nini bawaba zilizokaribiana hung'oka.

Hatua ya tatu: Mwendo

Lango la kusukuma kando hutembea kwa magurudumu juu ya reli. Likifungwa mota, gia ndogo huzunguka na kusukuma reli yenye meno iliyofungwa kwenye lango. Swichi za kikomo huiambia mota mahali pa kusimama. Hata hivyo lazima pawe na vizuizi imara vya chuma mwishoni mwa reli, na vishikizo vya juu, kwa sababu swichi ikiharibika lango laweza kupita mwisho wa njia na kuanguka.

Hatua ya nne: Usalama

Mwaka 2010, nchini Uingereza, watoto wawili waliuawa na malango ya umeme katika muda wa siku chache, kila mmoja mahali pake. Mwalimu aliseme jambo hilo kwa utulivu, kisha aulize: lango linajuaje kuwa pana mtu?

Aelekeze mwanga wa jua kwa kioo ili uvuke darasa kwa kimo cha kiuno na kufika ukutani, bila kumulika macho ya mtu. Mwanafunzi mmoja awe lango na atembee polepole juu ya mstari wa chaki, mwingine atazame doa la mwanga ukutani na kuamuru "Simama!" linapotoweka. Mtu akipita, lango husimama. Sasa mtoto mdogo atambae chini ya mwanga. Doa litabaki, na lango litaendelea kwenda.

Hapo darasa litagundua lenyewe kwamba jicho moja halitoshi. Ndiyo maana lango jema huwekewa macho katika vimo mbalimbali, na mota yake hurekebishwa isimame au irudi nyuma ikigusa kitu.

Kupima maarifa

Usiulize majina ya sehemu za lango. Uliza: Ungeweka wapi bawaba, na kwa nini? Ni mahali gapi mkono waweza kubanwa? Jibu kamili litaje ukingo unaokutana na nguzo, upande wa bawaba, na gia na reli yake. Kisha kila mwanafunzi akague lango moja la jirani, kwa idhini ya mwenyewe, bila kulipanda wala kuligusa likiwa katika mwendo, na alete taarifa ya mistari mitano.

Taarifa hizo zisomwe darasani. Ikiwa mojawapo itataja lango lisilo na kizuizi mwishoni mwa reli, mwalimu asiishie kutoa alama. Amwone mwenye nyumba siku hiyo hiyo.