Injini Inapozimika Ziwani: Somo kwa Wavuvi wa Ziwa Edward

Mto Lhubiriha, ambao wakazi wa Bwera na Mpondwe huuvuka waendapo sokoni, humwaga maji yake katika Ziwa Edward. Pale uingiapo ziwani ndipo unapoanzia mpaka wa majini baina ya Uganda na Kongo. Kwa mapatano ya Uingereza na Ubelgiji ya mwaka 1915, mpaka huo ni mstari ulionyooka kutoka mlango wa mto huo hadi mlango wa mto Ishasha, upande wa kusini. Zaidi ya theluthi mbili za ziwa zimo upande wa Kongo. Kwa sababu hiyo, mashua iliyotoka Katwe ikazimikiwa na injini haina tatizo la ufundi pekee. Upepo ukiisukuma saa mbili tu, mvuvi aliyeondoka nyumbani akiwa raia mwenye kibali anaweza kukutwa akiwa mgeni asiye na ruhusa. Wavuvi wa pande zote mbili wamekwisha kukamatwa kwa namna hiyo, na mwezi wa Julai 2018 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi juu ya maji haya haya.

Tuanze na nanga, kabla ya injini. Injini nyingi zifungwazo nyuma ya mashua zetu ni za mipigo miwili, ndugu wa zile zibebwazo mgongoni na watu warukao kwa parashuti. Arukaye akizimikiwa angani, kitambaa kilicho juu yake humteremsha taratibu, naye huchagua uwanja wa kutua. Mvuvi hana kitambaa hicho, huenda apelekwako. Basi injini inapozimika, mtu mmoja atupe nanga mara moja, ndipo mwingine ainame kutazama injini. Kina kikubwa cha ziwa, kinachopita mita 110, kiko magharibi chini ya milima ya Kongo. Upande wetu maji ni mafupi zaidi, na nanga yenye kamba ndefu hushika. Kamba ikikosa kufika chini, fungeni ndoo au dumu lililojaa maji kwenye omo na kulitosa. Halitaisimamisha mashua, lakini litapunguza mwendo wake na kuigeuza ikabili mawimbi. Wengi huvuta kamba ya kuwashia mara thelathini wakiwa wanachukuliwa na upepo, kisha hutafuta nanga wakiwa wamechoka.

Nanga ikishashika, jiulizeni: injini ilizimika vipi? Namna ya kuzimika kwake ndiyo ushahidi wa kwanza.

Ikiwa ilikatika ghafla, kama taa iliyozimwa, shukieni umeme. Tazameni kwanza kamba ndogo ya usalama ambayo ikichomoka huizima injini. Mara nyingi mguu wa mtu au wavu umeivuta. Ikiwa iko mahali pake, fungueni plagi. Irudisheni kwenye waya wake, ishikeni kwa koleo lenye mpini wa mpira huku ikigusa chuma cha injini, mbali na petroli na mbali na tundu la silinda, kisha mwenzenu avute kamba. Cheche ya buluu ikionekana, umeme upo. Isipoonekana, wekeni plagi mpya.

Plagi yenyewe husema mengi. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yamezidi: ifuteni, vuteni kamba mara kadhaa silinda ikiwa wazi, kisha irudisheni. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ikiwa nyeusi yenye utelezi, oili imezidi. Ikiwa nyeupe kama iliyoungua, injini imepata joto kupita kiasi. Hapa petu plagi nyeusi ni nyingi, na sababu mojawapo ni kimo: ziwa liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa pwani hutoa mafuta mengi kidogo kuliko yanayohitajika.

Ikiwa injini ilififia polepole, ikikohoa na kuvuta tena kabla ya kunyamaza, tatizo ni mafuta. Legezeni kifuniko cha hewa juu ya tangi, kwani kikifungwa petroli hukataa kushuka. Kagueni mpira wa mafuta kama umekanyagwa, kisha minyeni pampu ya mkono hadi iwe ngumu. Injini ikiwaka na kuzimika tena baada ya muda mfupi, kuna maji katika petroli.

Jambo hili la maji linastahili maneno zaidi. Petroli inayouzwa kwa chupa na madumu, ikiwamo ile inayovushwa mpakani bila kulipiwa ushuru, haina mtu wa kuijibia. Huchanganywa na mafuta ya taa, au huwekwa katika dumu lililooshwa likiwa halijakauka. Kipimo chake ni rahisi: mimina kidogo katika chupa safi ya kioo, iache itulie dakika chache, uitazame kwenye mwanga. Maji ni mazito, hukaa chini na kufanya mstari. Fanya hivyo mwaloni kabla ya kuondoka, si baada ya giza kuingia. Mkiwa ziwani tayari, fungueni skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, yatoeni maji, mbadilishe tangi kama mnalo la pili.

Ikiwa injini ilipoteza nguvu, ikawa ya moto na kamba ikawa nzito kuvuta, msiilazimishe. Ama maji ya kupoza hayapandi, kwa kuwa majani au karatasi ya plastiki imeziba matundu ya chini, ama petroli haikutiwa oili. Iacheni ipoe kabisa, safisheni matundu, na baada ya kuwasha hakikisheni kijito cha maji kinatoka nyuma. Injini nyingi za sasa huhitaji lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 200 kwa dumu la lita 10. Injini mpya na za zamani zina vipimo vyake. Achanganyaye awe mtu mmoja, na dumu lililochanganywa litiwe alama.

Na ikiwa injini inanguruma vizuri lakini mashua haiendi, pini ya rafadha imekatika. Pini ya akiba, plagi mbili, spana na makasia mawili vikae ndani ya mashua daima.

Yote yakishindikana, baki na mashua. Usiogelee kutafuta ufuko. Viboko ni wengi. Simu iliyofungwa ndani ya plastiki ipige 999 au 112, ukitaja mwalo uliotoka na unachokiona nchi kavu. Mkifikiwa na doria ya Kongo, zimeni tochi mkiamriwa, onyesheni mikono, msikate nyavu wala kutupa vitambulisho majini. Semeni kwa Kiswahili kwamba injini imeharibika, na muiache ikiwa imefunguliwa kama ilivyo. Plagi iliyotolewa na kabureta iliyo wazi humsaidia ofisa kuamini.

Mkishavuka mstari, polisi wa Uganda hawawezi kuwafuata. Kurudi kwenu hutegemea mazungumzo ya ofisi za nchi mbili, na mazungumzo hayo huanza pale ambapo mtu ametoa taarifa. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, waachieni viongozi wa mwalo majina ya waliomo, rangi ya mashua na saa ya kurejea. Saa hiyo ikipita, familia iende kituo cha polisi na kwa mwenyekiti wa LC1 usiku huo huo, bila kungoja asubuhi.