Homa ya denge: kwa nini hatari inafika wakati joto limeshuka

Wandugu wa koperative, mutu akishikwa na homa kali, sisi wote tunasema: ni malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini kama kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, na mugonjwa anaumwa nyuma ya macho na kwenye mifupa, inaweza kuwa denge. Inaletwa na mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma muchana na kuzaa ndani ya mapipa na mipira ya gari ya zamani. Chandarua ya usiku peke yake haimuzuie.

Virusi vya denge viko aina 4. Mwili ukishinda aina moja, askari wake wanaijua maisha yote. Sasa mutego uko hapa: miaka nyuma, aina ingine ikiingia, wale askari wa zamani wanaishika lakini hawana nguvu ya kuiua. Na kuna chembe nyeupe za damu ambazo kazi yao ni kumeza kila kitu askari wameshika. Zinaimeza ingali nzima, inazaana mule ndani. Kumbe kinga yenyewe ndiyo ilifungua mulango.

Watu wa Kuba waliona jambo hili. Mwaka 1977 aina ya kwanza ilipita kwao. Mwaka 1981 ikaingia aina ya pili: zaidi ya watu 10,000 walikuwa mahututi, 158 wakafa, wengi wao watoto.

Virusi vikijaa, mwili unapiga kengele ya vita kupita kiasi. Kuta za mishipa midogo zinalegea, sawa mufereji wa shamba uliopasuka pembeni: maji ya damu yanatoka, yanaingia tumboni na kando ya mapafu. Damu inayobaki inakuwa nzito, haifike vizuri kwenye viungo. Chembe za kugandisha damu nazo zinapunguka.

Haya yote yanakuja kati ya siku ya 3 na ya 7, wakati joto linashuka. Familia inafurahi, mama anarudi shambani. Lakini masaa 24 mpaka 48 yanayofuata ndiyo mabaya. Tumbo likiuma sana, mugonjwa akitapika bila kuacha, fizi zikitoa damu, mikono ikiwa baridi, ao mutoto akilegea na kusinzia-sinzia, mumupeleke hopitali siku ileile, hata usiku.

Kwa joto, paracetamol tu, kwa kipimo cha muganga. Aspirini na ibuprofen hapana, zinaongeza kutoka damu. Akiweza kunywa, mumupe maji ya chumvi na sukari, uji mwepesi, kidogo kidogo.

Serumu musiombe iwekwe mbio mbio ao nyingi. Kuta za mishipa zikipona, maji yaliyotoka yanarudi yenyewe ndani ya damu, na serumu ya kuzidi inaweza kujaza mapafu. Ndiyo maana muganga anapima, anangoja, anapima tena.