Sigara moja moja nayo huudhuru moyo

Ninapomuuliza mgonjwa kama anavuta sigara, mara nyingi hunijibu hivi: "Daktari, mimi si mvutaji hasa. Hununua moja tu pale kioskini baada ya chakula." Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10. Hata hivyo, msomaji, wewe na mimi tunajua kwamba zingali zinauzwa moja moja, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba dirishani.

Iwapo wewe ni mmoja wa wanunuzi hao, fahamu kwamba moyo hauhesabu sigara jinsi unavyozihesabu wewe. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2018, ambao ulijumlisha tafiti nyingi za awali, ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inayomkabili anayevuta 20. Sababu ni kuwa moshi kidogo tu unatosha kudhuru ngozi laini iliyo ndani ya mishipa na kuifanya damu igande upesi. Mshipa wa moyo ukizibika, mtu hupatwa na mshtuko wa moyo. Ukizibika wa ubongo, ni kiharusi. Mishipa ya uume nayo ni myembamba, ingawa wanaume wengi hunieleza habari hiyo wakiwa tayari wameshika kitasa cha mlango.

Kwa mapafu, kilicho muhimu zaidi ni miaka. Dereva mmoja aliyepita umri wa miaka 50 alinijia akidhani ana pumu, kwa vile alikuwa akihema kila apandapo ngazi. Kikohozi cha asubuhi alikuwa nacho tangu ujana na alikiita baridi ya Nairobi. Vifuko vyake vya hewa vilikuwa vimeharibika, na hakuna dawa inayovirudisha. Kuacha sigara kulipunguza tu kasi ya uharibifu.

Lakini asikwambie mtu kwamba umechelewa. Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta. Matokeo ya miaka 50, yaliyotolewa mwaka 2004, yalionyesha kwamba wavutaji walipoteza takriban miaka 10 ya maisha. Walioacha wakiwa na umri wa miaka 60 waliokoa kama 3 kati ya hiyo. Wa miaka 50, kama 6. Wa 40, kama 9.

Wiki ya kwanza ndiyo ngumu. Utakuwa na hasira, usingizi utapungua, na huenda ukakohoa zaidi kwa muda. Hamu ya sigara hudumu dakika chache tu; kunywa maji au ondoka ulipoketi. Kama umezoea kuvuta ukitafuna miraa au ukinywa bia, viepuke kwanza. Pia muulize daktari kuhusu vibandiko na ubani wa nikotini.

Na kikohozi kikizidi wiki mbili, au ukitema makohozi yenye damu, usiisingizie sigara. Nenda ukapimwe kifua kikuu, ambacho huwapata wavutaji kwa urahisi zaidi.