Mishipa ya Fahamu na Sumu ya Shambani

Ndugu zetu wa Pwani wengi wana vijana wao huku bara, na katika hao wako waliopata kazi katika mashamba ya maua yaliyolizunguka ziwa la Naivasha. Somo letu la leo limetokana na mmoja wao. Aliletwa mlangoni kwetu hapa Nakuru baada ya magharibi, ameloa jasho kana kwamba katolewa majini, mate na machozi yakimtoka, tumbo likimwendesha, na nyama za mapaja zikimcheza zenyewe chini ya ngozi. Waliomleta walikuwa wamekwisha hukumu. Mmoja alisema ni malaria iliyopanda kichwani, wengine wakasema kapandwa na pepo, nami nikaitwa nimsomee.

Alikuwapo mzee mmoja, zamani dresa wa hospitali. Akamulika tochi kando ya uso wa kijana, akamfunua jicho, kisha akaniambia: "Shekhe, msomee garini. Chumba hiki ni giza, na mboni hii ni ndogo kama tundu la sindano. Huyu ameingiwa na dawa ya wadudu." Na kweli kijana alikuwa akipuliza dawa tangu asubuhi ndani ya mabanda ya nailoni, bila ya glavu, na shati alilorudi nalo ndilo lililokuwa limelowa dawa. Shamba lenyewe silitaji.

Nilimwuliza yule mzee siku ya pili, amejuaje kwa kutazama jicho tu? Akanifundisha, nami nikaenda kusoma zaidi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Ubongo, na ile kamba ya fahamu ipitayo ndani ya uti wa mgongo, ndiyo makao ya amri. Kutoka hapo hutoka mishipa ya fahamu kwenda mwili mzima: jozi 12 hutoka kichwani, na jozi 31 hutoka mgongoni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alizihisabu zile za kichwani kuwa 7, akimfuata Galen Mgiriki, wala hilo halimpunguzii kitu, kwani alifika alipofika kwa vyombo vya zama zake. Katika mishipa hii iko inayoleta khabari, kama moto, baridi na maumivu, na iko inayopeleka amri kwa misuli, ukataka kuinua mkono ukauinua.

Lakini iko mingine isiyongoja amri yako. Ni nani kati yetu auamrishaye moyo wake upige, au tumbo lake lisage chakula? Mishipa hii ina pande mbili. Upande wa kwanza, uitwao simpathetiki, hutoka katika uti wa mgongo sehemu ya kifua na mwanzo wa kiuno, nao una vifundo vilivyopangika huku na huku kando ya mgongo mithili ya shanga za tasbihi. Huu ndio upande wa khofu na mbio. Mbwa akikubwekea gizani, moyo hukwenda mbio, mboni hupanuka, kinywa hukauka, na tumbo huacha kazi yake.

Upande wa pili, parasimpathetiki, hutoka kichwani na mwisho wa uti wa mgongo. Mshipa wake mkubwa huitwa vagasi. Huteremka shingoni ukaingia katika moyo, mapafu na tumbo. Huu ni upande wa utulivu. Mtazame mtu aliyefuturu akaegemea mto: moyo umepoa, mate yapo tele, matumbo yanatembea. Na upande huu ndio unaobana mboni ya jicho. Pande hizi mbili huvutana usiku na mchana, na afya ni ule wizani wake.

Sasa, mshipa huufikishaje ujumbe wake? Hapa lazima tumtaje Otto Loewi wa Austria. Mwaka 1921 alichukua mioyo miwili ya vyura. Akausisimua mshipa wa vagasi wa moyo wa kwanza, ukapunguza mapigo. Kisha maji yaliyouzunguka moyo ule akautilia wa pili, nao ukapunguza mapigo, hali mshipa wake haukuguswa! Ikabainika kwamba mshipa hutoa kitu, na kitu hicho ndicho mjumbe. Leo chaitwa asetilikolini. Loewi na mwenziwe Henry Dale wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Mjumbe huyu ndiye wa upande wote wa utulivu, na ndiye wa misuli ya mikono na miguu. Tena, la kustaajabisha, ndiye wa tezi za jasho, ingawa hizo zi chini ya upande wa khofu. Akisha kubisha mlango na kutoa khabari, yapasa aondolewe mara moja, la sivyo ataendelea kubisha. Anayemwondoa ni kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi.

Dawa nyingi za wadudu za jamii ya fosforasi, zilizoanza kutengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1930, humfunga huyo mwenye kuondoa. Mdudu hufa kwa sababu hiyo, nasi tuna mjumbe yule yule alionao mdudu. Basi mrudie kijana wetu kiungo kwa kiungo: mboni imebanwa, mate na machozi yanamiminika, matumbo yanakwenda kasi, jasho linatiririka, misuli inacheza kwa kubishiwa bila kukoma. Pepo gani huyu ajuaye mishipa kwa mpango wake? Khatari iliyo kubwa ni pumzi, kwani mapafu hujaa maji yake mwenyewe, na misuli ya kuvutia pumzi huchoka ikasimama.

Wala si kisa cha mtu mmoja. Baina ya 1993 na 1995 walipimwa damu wafanyakazi wa mashamba 666 katika Naivasha, Homa Bay, Migori na Wundanyi, hiyo iliyoko Taita, si mbali na Mombasa. Waliogusana na dawa hizi, nguvu ya kimeng'enya chao ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 33 kwa mia. Wasiogusana nazo, 4 kwa mia. Na wengi wao walikuwa wanatembea na kufanya kazi.

Mwenye kumwona mtu katika hali hii, amtoe penye dawa, amvue nguo zote, amwoshe kwa sabuni na maji mengi, na mwenye kuosha avae glavu. Asimnyweshe maziwa wala asimtapishe. Amlaze ubavu, ampeleke hospitali mbio, na achukue chupa ya dawa yenye karatasi yake. Huko hupigwa sindano ya atropini, ipatikanayo katika mimea iliyo jamaa ya mnanaha. Atropini huziba milango ile asiweze mjumbe kubisha, na hurudiwa mpaka kifua kikauke. Misuli haiiponyi, ndiyo maana wengine huhitaji mashine ya kupumulia.

Liko jingine lijalo baadaye. Baadhi ya sumu za jamii hii, wiki mbili tatu baada ya mtu kupona, huiharibu mishipa mirefu kuliko yote, yaani ile iendayo nyayoni. Mwaka 1959 huko Meknes, Morocco, wafanya biashara walichanganya mafuta ya kupikia na mafuta ya mitambo ya ndege, na watu wapatao 10,000 wakapooza, wakianzia miguuni.

Kijana wetu alitoka hospitali siku ya tisa. Wiki ya tatu nyayo zikaanza kumfa ganzi. Ameacha kupuliza dawa, sasa auza viatu hapa mjini. Akitoka msikitini hutazama chini kwanza, ajue kama ndara zimeingia miguuni.