SOMO LA ROBO HII: GARI LIVUKE AU MZIGO UVUKE?
Kupunguza gharama za pantoni, na yale ambayo sisi wa Kasesya tunaweza kujifunza kwa watu wa visiwani



Huenda mtashangaa kuona somo la pantoni likitoka Kasesya. Hapa kwetu hakuna pantoni. Tuna mpaka wa Zambia, tuna barabara ya kwenda Matai, na ziwa lenyewe liko kule chini, Kasanga. Hata hivyo katika vikao vya kamati swali moja limekuwa likirudi: kwa nini fungu la usafiri linaisha kabla ya mafungu mengine? Mahindi yapo, maharage yapo, ulezi upo, lakini faida inabaki barabarani. Tulipotafuta watu ambao wameishi na swali hili muda mrefu kuliko sisi, tukaona ni wakazi wa visiwa. Kwao kila safari ya gari ina lango, na langoni kuna nauli. Tumeona tujifunze kwao.

KINACHOLIPIWA NI NAFASI

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba gari kwenye pantoni hulipa kwa sababu linachukua nafasi na uzito. Viwango hufuata aina ya chombo: mtu kwa miguu, baiskeli, pikipiki, gari dogo, pikapu, lori kwa tani zake. Pikapu yenye mtu mmoja na bahasha inachukua nafasi ileile ya pikapu iliyojaa. Kwa hiyo anayevusha gari tupu amenunua nafasi asiyoitumia.

Wakazi wa Ukerewe wanalijua hili vizuri. Kisiwa chao ndicho kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na kukifikia kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kupanda meli Mwanza hadi Nansio. Ya pili ni kuzunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kuvuka kwa pantoni hadi Rugezi, ambako maji ni membamba. Ukitazama nauli peke yake, pantoni ya Rugezi ni ya maji mafupi na inaonekana rahisi. Lakini anayetoka Mwanza na gari lake atakuwa ameendesha zaidi ya kilomita 200 kabla ya kuiona pantoni hiyo. Mafuta, matairi na siku nzima ya dereva havionekani kwenye tiketi, ingawa vimetoka mfukoni mwa mtu yule yule. Ndiyo maana wengi wasio na mzigo huacha gari Mwanza, wakapanda meli kwa miguu, na Nansio wakakodi bodaboda.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tarakimu hizi ni za darasani tu, kila kamati iweke viwango vya kwake. Tuseme gari linalipa shilingi 10,000 kuvuka, yaani 20,000 kwenda na kurudi, na linatumia mafuta ya shilingi 4,000 ng'ambo ya pili. Jumla ni 24,000. Nauli za watu tunaziacha, kwa kuwa watalipa vilevile gari livuke lisivuke. Sasa wajumbe 4 wakiacha gari gatini, wakamlipa mlinzi 2,000, na kila mmoja akatumia 3,000 kwa bodaboda ng'ambo kwenda na kurudi, gharama ni 14,000. Wameokoa 10,000. Kwa safari 2 kila mwezi, mwaka mzima ni shilingi 240,000. Hizo ni fedha za mbegu.

Lakini endelea na hesabu. Wajumbe wakiwa 7, bodaboda zinakuwa 21,000, na mlinzi 2,000: tofauti imebaki shilingi 1,000 tu. Akiongezeka wa 8, gari limeshinda. Na wakiwa na magunia 30, hakuna haja hata ya kuandika. Kushusha, kupakia, kulipia kila gunia na kukodi gari jingine upande wa pili kutazidi sana nauli ya gari. Kanuni tuliyoiona kwa watu wa visiwa ni hii: watu wachache huvuka kwa miguu, mzigo huvuka na gari, na gari likivuka hurudi na kitu. Anayepeleka mahindi anarudi na saruji au mabati ya jirani, na huyo jirani anachangia nauli.

KADI, KITAMBULISHO NA MALIPO YA MWEZI

Njia nyingine ya kuokoa ni kuulizia bei ya mkazi au ya msafiri wa mara kwa mara. Boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zina nauli ya wakazi, nayo ni ya chini kuliko ile ya wageni. Asiye na kitambulisho anaweza kukwama dirishani. Dar es Salaam, nauli ya mtembea kwa miguu kwenye kivuko cha Kigamboni ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200 mwaka 2012, na malalamiko yalikuwa makubwa. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, nalo likawa na tozo. Mwaka 2022 tozo hizo zilipunguzwa, na yakawekwa malipo ya wiki na ya mwezi kwa wanaopita kila siku. Kamati ambayo gari lake linapita mara nyingi na bado inalipa kwa kila safari inapaswa kuulizwa kwa nini. Na kinyume chake pia: kulipia mwezi mzima kwa safari mbili ni hasara.

Huko nje mambo ni hayo hayo. Kanada, katika jimbo la British Columbia, wakazi wa visiwa hununua kadi iliyowekwa fedha mapema na kupata punguzo kwenye njia zao. Scotland walikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2008, kwa majaribio, nauli za feri za visiwa vya magharibi zilipangwa zifanane na gharama ya kuendesha gari umbali uleule barabarani, na kufikia mwaka 2015 mpango ulikuwa umeenea katika njia zote za eneo hilo. Nauli zilishuka sana. Watalii nao wakaja na magari yao, deki zikajaa, na baadhi ya wenyeji wakajikuta hawana nafasi siku wanayoihitaji. Tunawaomba wafadhili wetu walitafakari hilo, kwa maana bei ikishushwa bila kuongeza vyombo anayeumia anaweza kuwa yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Jirani zetu wa Uganda wana mtazamo wao. Pantoni ya Bukakata hadi Luku, inayokwenda kisiwa cha Bugala katika visiwa vya Ssese, haitozi nauli, wala kwa mtu wala kwa gari. Inahesabiwa kama kipande cha barabara kilichokatizwa na maji. Mombasa nako, katika kivuko cha Likoni, watembea kwa miguu hawalipi. Wanaolipa ni wenye magari. Sisi tunaona mpangilio wa Likoni una haki ndani yake. Mama mwenye kikapu cha mboga asichangie sawa na mwenye gari. Ila tusidanganyike kwamba bure haina gharama. Foleni ni gharama. Kule Kigongo na Busisi, kabla ya daraja la kilomita 3 kufunguliwa Juni 2025, magari yalikuwa yakisubiri pantoni kwa saa nyingi, na samaki au nyanya hazisubiri.

Hapo panahitaji mkazo. Pantoni nyingi za ziwani hazifanyi kazi usiku. Ukikosa ya mwisho, umeongeza nyumba ya wageni, chakula na siku nyingine ya dereva. Tumeona bajeti zilizopangwa vizuri zikiharibiwa na kuchelewa kuondoka saa moja tu asubuhi. Kwa upande wa akiba, kuamka mapema kunashinda kubishana bei.

AKIBA AMBAYO HATUITAKI

Sasa tuseme neno gumu. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio huko Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliofariki walizidi 220. Kulikuwa na watu, kulikuwa na mizigo ya gulio, kulikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Kabla ya hapo nchi yetu ilikuwa imeipoteza MV Bukoba, Mei 1996. Na Kenya iliwazika watu zaidi ya 250 baada ya ajali ya kivuko cha Mtongwe, Aprili 1994.

Tunaliandika hili katika somo la kuokoa fedha kwa makusudi. Chombo kilichojaa kupita kiasi mara nyingi ndicho cha bei nafuu, au ndicho kinachoondoka sasa hivi, na kamati inayosifiwa kwa kubana matumizi inaweza kumsukuma mhasibu wake kukipanda. Huku kwetu ziwani, watu wa Wampembe, Kirando na visiwa vidogo vya Kipili husafiri sana kwa maboti ya mbao, na mizigo ya kwenda Kongo na Mpulungu nayo hupita humo. Tangu MV Liemba isimamishe safari zake kwa ajili ya matengenezo, maboti hayo ndiyo yamebeba sehemu kubwa ya kazi. Tunaomba kila kamati iandike kwenye kitabu cha mikutano kwamba mjumbe anayekataa kupanda chombo kilichozidiwa atalipiwa gharama ya kulala. Isiachwe kuwa hisani ya mwenyekiti. Ikiwa haijaandikwa, mjumbe mdogo hatathubutu kukataa.

KURUDI KASESYA

Je, haya yanatuhusu vipi sisi tusio na pantoni? Mpaka wetu unafanya kazi kama gati. Gari la Tanzania likiingia Zambia linahitaji bima inayotambulika ng'ambo, wengi wanaifahamu kama kadi ya njano, pamoja na kibali cha gari, tozo na muda wa dereva kusimama. Gharama hizo hazijali kama umebeba magunia 5 au 50. Mzigo nao una vibali vyake vya mazao na vya afya ya mimea, na hivyo haviepukiki kwa vyovyote. Atakayewashauri kupitia njia za panya hawatakii mema, kwani mzigo ukikamatwa hesabu yote imekwisha.

Kwa mzigo mdogo, basi, tunaona ni heri gari letu liishie Kasesya na mnunuzi alete gari lake upande wa pili. Tutalipa wachukuzi wa kuhamisha, lakini hatutalipia gari kuvuka. Kwa mzigo mkubwa hesabu inageuka, kama ilivyogeuka kwa magunia 30 ya kule kwenye pantoni. Vigango viwili au vitatu vikikusanya maharage pamoja na kukodi lori moja lililojaa, kila gunia litabeba sehemu ndogo ya gharama ya mpaka. Wanaoshusha mizigo Kasanga wanaweza kufanya hivyohivyo kuanzia Matai. Kinachokwamisha ushirikiano huu, kwa uzoefu wetu, ni kutoaminiana kwenye mizani kuliko umbali. Pimeni magunia mbele ya wote, andikeni uzito wa kila kigango, na kila upande ubaki na nakala.

Kwa wafadhili tuna ombi moja. Mnapoona fungu la usafiri la mradi wa kisiwani au wa mpakani ni kubwa, msianze kwa kulikata. Ombeni kwanza daftari la safari: nani alikwenda, gari lilibeba nini kwenda, lilibeba nini kurudi, lilisubiri muda gani. Stakabadhi ya nauli inaonyesha kwamba fedha ililipwa. Haionyeshi kama safari ilihitaji gari.

MASWALI YA KIKAO

Chukueni daftari la usafiri la miezi mitatu iliyopita. Ni safari ngapi gari lilikwenda au kurudi tupu? Ni ngapi zilikuwa na watu wasiozidi 4 na bila mzigo? Fanyeni hesabu ya namba mbili kwa bei za kwenu, za gari na za bodaboda, mtafute ni mjumbe wa ngapi anayegeuza matokeo. Kisha muulizane: kigango gani jirani kinavuna wakati mmoja na sisi, na nani atakwenda kuzungumza nao kabla ya msimu? Mwisho, mjumbe aliye mdogo kuliko wote aulizwe wa kwanza: je, umewahi kupanda chombo au gari ulilojua limezidiwa kwa sababu ya fedha za kamati? Wakubwa wanyamaze hadi amalize kujibu.