SOMO JUU YA KAZI: TUHESABU MBELE YA KUJENGA

Kusoma: Luka 14:28-30, Matendo 18:1-3

Wandugu wanafunzi, bado kidogo wa kalasi ya mwisho watafanya Examen d'Etat, na ulizo ni lile la kila mwaka: kisha diplome, tutafanya nini? Wengi wanajibu mbio, "Nitaingia ku kompani." Ukiuliza kompani gani, kwa kazi gani na kwa muda gani, mutu ananyamaza. Yule mutu wa Luka 14 aliyetaka kujenga munara alipaswa kwanza kukaa na kuhesabu garama. Basi tukae, tuhesabu.

Tuanze na historia ya hapa kwetu Katanga, juu haiko mbali, iko mu nyumba zetu. Union Minière ilianza mwaka wa 1906. Mwaka wa 1967 Serikali iliichukua, na nyuma ikaitwa Gécamines. Mufanyakazi wake hakupata mushahara tu. Alipewa nyumba na posho ya unga, watoto wake walisoma ku masomo ya kompani, bibi yake alizalia ku hospitali ya kompani. Kijana alijua: baba ni wa kompani, nami nitakuwa wa kompani. Kujifunza kazi ya pili, kwa nini? Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za mukuba.

Kisha mambo yakageuka. Mashini zilizeeka bila kubadilishwa, na feza ya mukuba ilienda ku mambo mengine. Mwezi wa tisa 1990 shimo la Kamoto likaporomoka. Mwaka wa 1991 watu wakapora magazini na maduka mu miji mingi ya inchi. Mwaka wa 1994 kompani ilitoa tani 30,000 hivi. Wale wanaopenda hesabu wafanye wenyewe: mu miaka nane, kwa kila tani kumi na sita ikabaki moja. Wafanyakazi wakakaa miezi na miezi bila mushahara. Mwaka wa 2003, kwa musaada wa Banque mondiale, kukawa mupango ule watu walioita "départs volontaires": wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa feza kwa mara moja, wakaenda.

Hapa tusimame kidogo, juu ndiyo kiini cha somo. Wakati ule watu hawakuanguka sawasawa. Mutu aliyejua umeme, ao kuunganisha vyuma, ao kutengeneza motere, ujuzi wake ulitoka naye ku mulango wa kompani. Mutu aliyejua mashini moja tu, ya pahali pamoja tu, ujuzi wake ulibaki ndani. Wote wawili walikuwa wafanyakazi wazuri. Tena tusisahau: mu nyumba nyingi ni akina mama waliobeba jamaa, kwa kulima na kuuzisha unga, makala, samaki. Hakuna aliyewaita wafanyakazi, lakini ni wao waliolipa minerval.

Leo hali imebadilika tena. Tangu Code minier ya 2002 kompani nyingi zimeingia. Ile ya Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, ilianza kutoa mukuba mwaka wa 2021. Congo iko ya kwanza mu dunia kwa kobalti. Lakini kazi haiko ile ya babu zetu. Watu wengi wanaandikwa na kompani ndogo zinazopewa kazi na zile kubwa, ndizo sous-traitants, kwa kontra fupi. Na bei inapangwa mbali. Mwezi wa pili 2025 Serikali ilikataza kutoa kobalti inje juu bei ilishuka sana, na mwezi wa kumi ikaweka kipimo kwa kila kompani. Kijana anaweza kufanya kazi vizuri kabisa, akapoteza kazi bila kosa lolote.

Sasa, namna gani kujipanga? Sisi tunaona jambo la kwanza ni kutofautisha nafasi ya kazi na ufundi. Nafasi ni ya kompani, ufundi ni wako. Ukichagua section, usiulize tu "nani analipa vizuri leo?" Uliza, "hii nitaifanya pahali ngapi?" Fundi wa umeme anahitajiwa ku mugodi, ku hospitali, ku kinu cha unga na mu nyumba za watu. Anayejua kuandika hesabu za feza anahitajiwa hata na kanisa. Hatusemi Pédagogie ni mbaya, walimu wetu wasitukasirikie! Mwalimu anayejua pia kulima ao kushona hatapungukiwa kitu kwa kuwa mwalimu. Mutume Paulo alikuwa muhubiri, na kule Korinto alishona hema pamoja na Akila na Prisila.

Jambo lingine linatuuma. Kila mwaka wenzetu wengine wanaacha masomo kwenda kuchimba. Feza inaonekana mbio, ni kweli, hatutadanganya. Lakini sheria inaruhusu kuchimba kwa mukono kwa watu wazima tu, na shimo halitoi certificat. Likiporomoka, ao bei ikishuka, kijana anarudi na miaka mitatu imepotea, na wadogo zake wako mbele yake mu kalasi. Ukiwa na rafiki anayefikiri hivyo, usimucheke. Pengine nyumbani wamekosa minerval. Ongea na mwalimu ao pasta mbele hajaenda.

Ukipata kazi, angalia makaratasi. Code du travail ya 2002 inasema kontra ya muda uliopangwa haiwezi kupita miaka miwili. Mufanyakazi wa siku kwa siku aliyekwisha kufanya siku 22 mu miezi miwili, akiandikwa tena mbele ile miezi miwili haijaisha, kontra yake inahesabiwa ya muda usiopangwa. Ukitoka, muajiri anapaswa kukupa certificat inayoonyesha kazi uliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Wengi wanaona haya kuiomba. Iombe, utunze kopi mbili. Na uulize kama CNSS, ile iliyoitwa zamani INSS, inapokea feza yako.

Kubadilisha kazi si zambi. Lakini usiache ya kwanza juu ya neno tamu la ile ya pili. Ngoja kontra iliyoandikwa. Ujiulize nitajifunza nini kule, na ikifungwa nitatoka na nini mikononi. Uage mukubwa wako kwa heshima, juu mugini watu wanajuana, na yeye ndiye atakayeulizwa habari yako. Kama ujuzi unapungua, INPP inafundisha hata watu wazima. Na anayekuomba feza ili akuingize ku kazi, mukimbie.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA MU KALASI: Jamaa yako iliishi namna gani wakati mushahara ulikosa? Uliza wazee nyumbani mbele ya kujibu. Section uliyochagua inaweza kukupa kazi gani tatu, mbali na kompani? Ni kazi gani ya mikono unayoweza kuanza kujifunza mu conge hii, na kwa nani?